Sehemu ya 8: "Subiri kidogo mama, kompyuta inajiapdeti"

 

Wiki hii nilipanga tuendelee na kikohozi cha watoto, lakini nimepata ujumbe mwingi kuhusu jambo jingine, na wote ni kama umeandikwa na mtu mmoja. Mama amefika hospitali saa moja asubuhi, mtoto anachemka, amepanga foleni kwa adabu zote. Akifika dirishani anaambiwa, "Subiri kidogo mama, kompyuta inajiapdeti." Hiyo kidogo inakuwa saa nzima. Mmoja wenu kaniuliza hivi: "Sista, hivi hiyo kompyuta haina siku nyingine ya kujiapdeti mpaka mwanangu aumwe?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana swali ni la maana. Jibu ni kwamba ina siku nyingine, tena ina saa nyingine. Kuna watu kazi yao ni kuchagua hiyo siku na hiyo saa, na wakiifanya vizuri wewe huioni kabisa, unaona foleni tu inasogea. Wakiifanya vibaya, au wakizidiwa, ndiyo unakutana nayo dirishani na mtoto mgongoni.

Nesi nimejuaje haya? Miaka michache iliyopita kila wodi ilitakiwa kutoa mtu mmoja wa kushirikiana na watu wa TEHAMA, yaani mtu wa kuwaambia mfumo unasumbua wapi na kuwaelekeza wenzake kikija kitu kipya. Kwenye kikao wenzangu wote waliangalia chini kama wanatafuta shilingi iliyodondoka. Inchaji akaniangalia mimi. Diploma yangu ni ya uuguzi, sijasomea kompyuta hata siku moja, ila tangu siku hiyo nimekaa sana na wale vijana wawili wa TEHAMA. Wawili, mama zangu, kwa hospitali nzima. Kabla hujawalaumu, shika hiyo namba kichwani.

Sasa, kuapdeti ni nini. TEHAMA kwenye matangazo yao wanaandika kusasisha. Programu ya kompyuta imeandikwa na binadamu, na binadamu anaacha matundu. Mengine ni usumbufu tu, kwa mfano ukibonyeza hapa inaganda. Mengine ni hatari, mwizi anaweza kupita humo. Tundu likigundulika, mtengenezaji anashona kiraka na kukisambaza kwa kompyuta zote duniani zenye programu ile.

Hawa wa Microsoft, wenye Windows ambayo ipo kwenye kompyuta nyingi za maofisini, wana ratiba yao. Tangu mwaka 2003 viraka vyao vikubwa vinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Kwa hiyo kompyuta yetu iliyozimwa jioni ile ikiwashwa Jumatano asubuhi, kitu cha kwanza inachotaka ni kiraka chake. Na Jumatano asubuhi wewe upo kwenye foleni.

Hiyo ni Windows peke yake. Kuna programu ya kufungulia kurasa za intaneti, nayo inabadilika kila wiki chache. Kuna programu ya kuzuia virusi, hiyo inaweza kuleta vitu vipya mara kadhaa kwa siku moja. Kuna mfumo wenyewe wa hospitali, ule unaobeba jina la mtoto, vipimo, dawa na malipo. Kuna sehemu ya kuhakiki bima. Hata printa ina mambo yake. Kila wiki kuna kitu kinataka kubadilishwa mahali.

Kwenye simu yako ni rahisi. Ikikwambia inataka kujiapdeti, unabonyeza baadaye, unaendelea kuangalia video za mapishi. Simu ni moja na mwenyewe ni mmoja. Hospitali ni mnyororo. Mapokezi wanakuandikisha, chumba cha uzito wanaingiza kilo, daktari anaandika, maabara wanapokea, dirisha la malipo wanatoa namba, dirisha la dawa wanasoma alichoandika daktari. Chumba kimoja kikiwa na toleo jipya na kingine kimebaki na la zamani, unaweza kukuta daktari kaandika dawa na dirisha la dawa hawaoni kitu. Mama anatembezwa kama mpira. "Rudi kwa daktari." Daktari anasema, "Mbona nimeshaandika?" Unadhani wanakufanyia makusudi. Mara nyingine ni matoleo mawili ya programu moja hayaelewani.

Sisi tulikuwa na shida ya asubuhi kwa muda mrefu. Kompyuta za kliniki ya nje zote zinazimwa jioni, zinawashwa pamoja saa moja na nusu. Zikiwashwa tu, kila moja inakimbilia intaneti kupakua kiraka kilekile. Fikiria kaya arobaini zinafungua bomba moja kwa wakati mmoja. Maji yanatoka kwa matone, na bima inayotaka kuhakikiwa kwa intaneti ileile inasubiri. Tunawaambia wagonjwa "mtandao unasumbua", na kweli unasumbua, lakini anayeunywa wote yupo mle mle ndani.

Yule kijana mmoja wa TEHAMA, mdogo wangu kabisa kwa umri, alikuja wodini mchana mmoja na daftari.

"Dada, shikamoo. Nina swali. Wodi yenu huwa imetulia saa ngapi?"

"Marahaba. Wodi ya watoto haijawahi kutulia tangu ijengwe."

"Basi niambie ni saa ngapi inapiga kelele kidogo."

Tukakaa kitako tukahesabu. Asubuhi kuna kukabidhiana zamu, raundi ya madaktari, dawa. Mchana kuna wanaoruhusiwa, kila mmoja anataka karatasi zake. Jioni wanaingia wapya kutoka kliniki. Usiku wa manane watoto wanazidiwa, na kila aliyewahi kufanya zamu ya usiku anajua. Tukapata upenyo kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, dawa za mchana zimeshatolewa na za jioni bado. Mapokezi ikawa saa nane usiku. Maabara wakachagua yao. Sharti letu sisi manesi lilikuwa moja tu: wodi yenye kompyuta mbili, isiguswe ya pili mpaka ya kwanza imerudi na imefanya kazi mbele ya macho yetu.

Pia akaweka seva moja ya hospitali inayopakua kiraka mara moja usiku, halafu inazigawia kompyuta nyingine kwa waya za ndani. Bomba likapumua. Kazi hii haina sherehe, hakuna aliyepiga picha akikata utepe, lakini kwenye foleni ya asubuhi tofauti tuliiona.

Najua kuna atakayesema, kwa nini msiache tu? Kompyuta inafanya kazi, ya nini kuichokonoa? Hata baadhi ya wakubwa wanasema hivyo. Ngoja niwapeleke Uingereza kidogo.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa duniani. Kikiingia kwenye kompyuta kinafunga mafaili yote, halafu kinaweka tangazo: lipa dola 300 kwa bitcoin ndipo ufunguliwe. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ikaguswa vibaya. Uchunguzi wa ofisi yao ya taifa ya ukaguzi ulikuta taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 za England zilipata msukosuko. Katika hizo, 34 zilifungiwa kompyuta zao hasa, na 46 hazikuingiwa lakini zilivurugika, nyingine zilizima mifumo yake kwa tahadhari. Vituo vya madaktari wa familia 595 navyo viliambukizwa. Miadi 6,912 ilithibitishwa kufutwa, na makadirio yalikuwa zaidi ya 19,000. Kuna maeneo matano ambako wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa mbali zaidi.

Kinachoniuma ni hiki. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi. Miezi miwili kasoro siku mbili kabla. Kilikuwepo, ni bure, kilikuwa kinasubiri tu mtu akiweke. Kwenye kompyuta nyingi hakikuwekwa, na kila mwenye hospitali anajua kwa nini: wodi haijatulia, leo hapana, wiki ijayo, mfumo wetu wa zamani utagoma, vijana ni wachache. Sababu zote ni za kweli. Kirusi hakiulizi sababu. Kilipunguzwa kasi siku ileile na kijana mmoja wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliyeona ndani ya kile kirusi anwani ya intaneti ambayo haina mwenyewe, akaisajili kwa dola chache, kumbe ndiyo ilikuwa breki yake. Bahati. Mtu hawezi kupanga huduma ya watoto kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Basi, ukisikia hiyo unasema sawa, kila kiraka kikitoka tu kiwekwe kote, palepale, mara moja. Hapo ndo tunakuja kwenye Ijumaa nyingine.

Tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani inaitwa CrowdStrike, kazi yake ni kulinda kompyuta za mashirika dhidi ya wadukuzi. Yaani hawa ndio walinzi. Saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, wakati manesi tunakabidhiana zamu, walituma masasisho madogo kwa wateja wao wenye Windows, duniani kote kwa pamoja. Faili lilikuwa na kasoro. Kompyuta zilizolipokea zikaanguka, zikawa zinajiwasha na kuanguka tena, skrini ya bluu. Saa 2 na dakika 27 walikuwa wameshaliondoa. Dakika 78 tu. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 zilishaathirika.

Ndege zilikaa chini. Lakini mimi nilisoma habari za hospitali. Uingereza, mfumo wa miadi na kumbukumbu unaotumiwa na madaktari wengi wa familia ulizimika, wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Boston kule Marekani, mtandao mkubwa wa hospitali wa Mass General Brigham uliahirisha huduma zote zisizo za dharura kwa siku ile. Na kuziponya kompyuta hizo haikuwa kubonyeza kitufe ofisini. Kompyuta isiyowaka haiwezi kupokea maelekezo kwa mbali, kwa hiyo kwa nyingi ilibidi mtu aende mezani, aiwashe kwa njia maalum, afute faili kwa mkono, aende meza ya pili. Sasa rudi kwenye wale vijana wangu wawili.

Baadaye kampuni ile ilisema masasisho ya aina ile yatakuwa yanatolewa kwa awamu, kundi dogo kwanza, halafu yanapanuka, na wateja watapewa uwezo zaidi wa kuchagua lini na wapi yawekwe. Nilisoma nikasema, jamani, hata chanjo mpya haigawiwi nchi nzima siku ya kwanza. Hata uji wa lishe wa mtoto, unaanza na kijiko, unamwangalia.

Na hicho ndicho kitu chenyewe nilichotaka kuwaambia leo. Kuchelewa kunaua na kukurupuka kunaua. Katikati kuna njia ya kuweka kiraka haraka kwenye kompyuta chache, zinazotumiwa na watu wanaoijua kazi, wakaangalia, ndipo kiende kwa wengine ndani ya siku chache. Hao watu wanaoijua kazi wasiwe wa TEHAMA peke yao. Nawaeleza sababu.

Wodi yetu ilikuwa mojawapo ya sehemu za majaribio. Kompyuta moja pale meza ya manesi ina karatasi imegundishwa kwa gundi: MAJARIBIO. Kila toleo jipya la mfumo linatua pale kwanza. Kijana wa TEHAMA analijaribu kwa macho yake: linafungua, linahifadhi, linachapisha, safi. Halafu tunaachiwa sisi tufanye kazi nalo.

Siku hiyo toleo lilikuwa limekuja na maboresho ambayo watengenezaji walijivunia. Mojawapo, ili kupunguza kazi ya kuandika, ukimfungua mgonjwa aliyewahi kuja, taarifa zake za nyuma zinajijaza zenyewe. Jina, kijiji, namba ya bima, simu ya mzazi. Na uzito.

Kwa mtu mzima, sawa. Wewe mama uzito wako wa Machi na wa Agosti haviachani sana, hata kama unalalamika. Lakini nilimfungua mtoto wa miezi saba aliyekuwa ameingia na maambukizi makali, naangalia kwenye kisanduku cha uzito naona kilo 5.2. Mtoto yuko mbele yangu, mapaja yamejaa, dakika kumi zilizopita nimempima mwenyewe, kilo 8.0. Nikadhani nimefungua mtoto mwingine. Nikahakiki jina, jina la mama, namba. Ni yeye. Ile 5.2 ilikuwa ya alipokuja na miezi miwili.

Mnaojua dawa za watoto mnaelewa nilivyoshtuka. Mtoto hapewi dawa kwa umri wa macho, anapewa kwa kilo zake. Chukua jentamisini, sindano ambayo wengi wenu watoto wenu wameshachomwa. Kwa mtoto wa miezi saba ni miligramu 7.5 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 8 ni miligramu 60. Kwa kilo 5.2 ni miligramu 39. Huyo mtoto angepata theluthi mbili tu ya dawa, siku baada ya siku, na sisi wote tungesimama pale tunajiuliza kwa nini homa haishuki. Na geuza upande wa pili: mtoto aliyekuwa na kilo 9, akaharisha wiki nzima, akaja amebaki na 7. Kisanduku kinasema 9. Huyo anapewa dawa ya kuzidi, na dawa hiyo ikizidi inasumbua figo na masikio.

Kompyuta haikukosea kwa maana ya kuharibika. Ilifanya sawasawa ilichoambiwa. Kijana wa TEHAMA alipoijaribu aliona uzito umejaa vizuri, namba ipo, kisanduku hakijagoma. Angejuaje? Yeye hajawahi kumshika huyo mtoto. Ilihitaji mtu anayejua kwamba kilo za mtoto ni za leo, za jana zimeshapita.

Nikampigia simu. Alikuja anakimbia, akaangalia, akashika kichwa. Toleo lile lilikuwa lipande wodi nyingine zote na kliniki ya nje usiku uleule. Alilisimamisha, akawaandikia watengenezaji, na baada ya siku kadhaa lilirudi limerekebishwa: kisanduku cha uzito kinabaki tupu, na dawa ya mtoto haiandikiki mpaka uweke kilo mpya na tarehe. Katika hizo siku kadhaa hospitali ilibaki na toleo la zamani, na kompyuta yetu akairudisha nyuma. Kujua namna ya kurudi nyuma nako ni nusu ya kazi. Fundi anayejua kwenda mbele tu mwogope.

Hamkusikia habari hiyo popote, kwa sababu haikutokea. Wodi ya pili hawakujua hata kama kulikuwa na kitu. Ndiyo maana huwa napata hasira kidogo watu wakisema wale vijana hawana kazi, wanashinda wamekaa kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe ni cha seva.

Sio kila kitu kinaapdetika, pia. Kuna mashine za vipimo na za picha ambazo ndani yake kuna kompyuta ya zamani, imekuja hivyo kutoka kiwandani, na huruhusiwi kubadilisha kitu bila mtengenezaji wa mashine kukubali, maana inaweza kuanza kutoa majibu yasiyo sahihi. Hizo dawa yake ni kuzitenga: zisiguse intaneti, zisichomekwe flashi ya mtu, ziongee na kompyuta zile tu zinazohitajika. Ukimwona mtaalamu wa maabara anamfokea mtu aliyetaka kuchaji simu kwenye mashine, hana roho mbaya. Na Windows 10, ambayo bado ipo kwenye kompyuta nyingi za maofisi, Microsoft waliacha kuitolea viraka vya bure vya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za umri mkubwa hazikubali Windows 11. Hapo hakuna ujanja wa kijana wa TEHAMA, hapo ni bajeti. Kitanda kinaonekana, dawa inaonekana, kompyuta ya mapokezi inasahaulika mpaka siku imekufa.

Sasa wewe na mtoto wako, mkikuta kompyuta imezima.

Kwanza, mtoto anayezidiwa hasubiri kompyuta. Anapumua kwa shida, amelegea, amepata degedege, hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu: usikae kwenye foleni, sema kwa sauti, mwambie nesi yeyote aliye karibu. Hospitali yoyote inatakiwa kuanza kumhudumia kwa karatasi. Sisi tuna boksi juu ya kabati, ndani kuna fomu zilizokwishachapishwa, kalamu, daftari la kupokelea, na karatasi ya vipimo vya dawa kwa kilo. Mfumo ukikata tunalishusha. Kila mwezi nalifungua kuona fomu bado zipo, maana manesi wenzangu nao wanapenda kuchukua karatasi za boksi kuandikia orodha ya michango ya harusi.

Kadi ya kliniki njoo nayo, hata kama umeambiwa taarifa zote zipo kwenye kompyuta. Najua inachosha, najua ina mafuta ya nazi kila ukurasa. Siku kompyuta imezima, kadi hiyo ndiyo inaniambia chanjo alizopata na uzito wake unavyokwenda. Dawa inayomdhuru mtoto wako iandike juu ya kadi kwa kalamu inayoonekana. Piga picha kurasa muhimu, ikae kwenye simu yako na ya baba yake.

Mtoto akipimwa, angalia mzani wewe mwenyewe, ishike ile namba. Daktari akiandika dawa, muulize tu kwa upole: "Umeweka kilo ngapi?" Hakuna mtaalamu wa watoto anayejiheshimu atakayechukia swali hilo. Mimi nikiulizwa nafurahi, najua nina mwenzangu anayehesabu na mimi.

Na kama mmehudumiwa kwa karatasi, usiondoke bila kipande chenye jina lote la mtoto, jina lako, tarehe na dawa alizopewa. Mfumo ukirudi tunaingiza zile karatasi moja moja, mara nyingi zamu ya usiku, na wodini unaweza kukuta wakina Neema watatu kwa siku moja. "Neema, miezi 9" haitoshi. Mkirudi kliniki wiki ijayo mwambie anayekupokea kwamba siku ile mfumo ulikuwa umekata, aangalie kama ziara ile imeingia. Wakati mwingine haijaingia, na kile kipande chako ndicho kinachookoa.

Yule mama aliyeniuliza kama kompyuta haina siku nyingine: uliza hospitali yako kama wana ratiba. Andika kwenye sanduku la maoni, au mtume mwakilishi wenu kwenye kamati ya afya. Uliza kompyuta za mapokezi zinaapdetiwa saa ngapi, na zikizima nini kinafanyika. Wakikujibu kwa saa kamili, upo pazuri. Wakikujibu "hiyo ni mambo ya TEHAMA", ulizeni tena mwezi ujao.

Kesho naingia usiku siku nne mfululizo, kwa hiyo Sehemu ya 9 itakuja Jumapili. Tutarudi kwenye kikohozi, na nitawaonyesha namna ya kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja ukiwa nyumbani. Tafuteni saa yenye mshale wa sekunde.